Viambishi, Nyimbo na Mimu: Misimu Inavyopata Maana Mpya katika Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi misimu inavyopata maana mpya inapopitia katika nyimbo na katika mimu za intaneti. Mfano mkuu ni usemi "donchi kubeba", uliovuma nchini Zambia wakati wa uchaguzi wa mwaka 2011. Usemi huo unatazamwa kutoka Nchelenge, katika mwambao wa Ziwa Mweru, mahali ambapo Kibemba hukutana na Kiswahili cha Katanga. Unalinganishwa na "pabwato" na "Bally" za Zambia, "hatupangwingwi" na "Kasongo" za Kenya, na "anaupiga mwingi" ya Tanzania. Hoja inayojengwa ni kwamba maana mpya huingia kupitia nafasi ya urejelezi iliyomo katika usemi: kiambishi cha nafsi, cha yambwa au cha mahali, au jina la mtu. Wimbo huhifadhi umbo la usemi na kuiacha nafasi hiyo wazi. Mimu huijaza upya kila inapotumwa. Kwa sababu hiyo, hatua za kisera zinazoegemea orodha za maneno hukosa jambo lenyewe linalobadilika. Makala yanapendekeza namna ya kuweka kumbukumbu za misimu na ya kupima ujumbe wa umma katika maeneo ya mpakani.

Istilahi muhimu: misimu, mimu, uhamaji wa maana, kiambishi cha yambwa, Kibemba, Kiswahili cha Katanga

1.0 Utangulizi

Nchelenge ni mji na wilaya katika Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye miji ya Kilwa na Pweto. Kilwa hiyo isichanganywe na Kilwa ya pwani ya Tanzania, wala na kisiwa cha Kilwa kilichomo ziwani upande wa Zambia. Upande wa Nchelenge lugha ya mawasiliano mapana ni Kibemba, na Kiingereza ni lugha ya ofisi. Upande wa Kongo Kiswahili cha Katanga ndicho lugha ya soko, na Kifaransa ni lugha ya ofisi. Hata hivyo Kibemba nacho husikika huko, kwa kuwa mpaka wa kikoloni ulipita katikati ya jamii zilizokuwa na udugu tangu zamani. Wavuvi na wachuuzi wa samaki huvuka ziwa hili kwa shughuli zao. Tangu mwaka 2018 wilaya ya Nchelenge imekuwa pia na makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliokimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika.

Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha 7 za Kizambia zinazotumika rasmi katika mikoa ya nchi hiyo. Lakini tangu Agosti 2019 kimekuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), ambayo Zambia na Kongo ni wanachama wake. Mwambao wa Mweru, kwa hiyo, ni mahali ambapo Kiswahili cha mikutano ya kikanda kinapaswa kusomeka kando ya Kiswahili cha wachuuzi na kando ya Kibemba. Hapo swali la maana ya neno hugusa afya, uvuvi na uchaguzi.

Wanaisimu wa Kiswahili huyaita maneno na semi zinazozuka ndani ya kundi la watu na kuenea kwa muda "misimu". Istilahi hiyo imebeba dai ndani yake: kwamba maneno hayo yana majira yake, huja na kupita kama mvua. Dai hilo lina ukweli, ila halitoshi. Baadhi ya misimu hupotea; mingine hubaki na umbo lilelile huku maana yake ikiwa imehama kabisa, hata ikageuka kinyume cha ile ya awali. Makala haya yanashughulikia aina hii ya pili.

2.0 Njia ya zamani: gitaa na redio

Kusafiri kwa semi kupitia muziki katika ukanda huu kulianza kabla ya intaneti. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, katika Katanga. Nyimbo za Mwenda za Kiswahili zilisikika katika miji ya migodi ya pande zote mbili za mpaka na kufika Kenya, ambako yeye mwenyewe alikwenda mwishoni mwa miaka ya 1950. Msikilizaji wa Nairobi hakujua kila jina lililotajwa katika nyimbo hizo. Alilishika umbo, akalijaza kwa watu wake mwenyewe.

Katika Ukanda wa Shaba wa Zambia, A. L. Epstein alikwisha kuandika mwaka 1959 juu ya ubunifu wa lugha katika miji ya migodi, ambako Kibemba kilichanganyika na Kiingereza na lugha nyingine za wafanyakazi. Baadaye Debra Spitulnik, katika makala yake ya mwaka 1996, alionyesha jinsi semi za watangazaji wa redio ya taifa zilivyotoka studioni na kuingia katika mazungumzo ya kila siku. Mtu aliweza kumwita mwenzake dukani kwa maneno yaleyale ambayo mtangazaji huyatumia kuiita studio ya Kitwe. Usemi uling'olewa mahali pake, ukapandwa pengine, na kichekesho kilitokana na kwamba wote wawili walijua ulikotoka.

Hili la mwisho ndilo msingi wa mimu pia. Richard Dawkins, aliyebuni istilahi hiyo mwaka 1976, alimaanisha kipande cha utamaduni kinachosambaa kwa kuigwa. Limor Shifman, katika kitabu chake cha mwaka 2014, aliifanyia marekebisho kwa ajili ya intaneti: mimu ni kundi la vipande vinavyofanana, vilivyotengenezwa huku kila mtengenezaji akijua vya wenzake, na kila kimoja kikibadilisha kitu fulani. Linalobaki kuulizwa katika lugha za Kibantu ni hili: ni sehemu gani ya usemi inayobadilishwa?

3.0 "Donchi kubeba": wasiambiwe akina nani?

Mwaka 2011 Zambia ilikuwa chini ya chama cha MMD, kilichokuwa madarakani tangu 1991. Chama cha upinzani cha PF, chini ya Michael Sata, kiliutumia katika kampeni wimbo wa mwanamuziki Dandy Krazy uitwao "Donchi Kubeba". Ushauri wa wimbo huo ulikuwa mwepesi: pokeeni zawadi za chama tawala, lakini msiwaambie mtampigia nani kura. Sata alishinda uchaguzi wa tarehe 20 Septemba, na Luapula ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyompa ushindi.

Umbo la usemi huo linastahili kuchambuliwa. "Donchi" ni neno la Kiingereza la kukataza, lililopewa irabu mwishoni ili liafiki muundo wa silabi za Kibantu. "Kubeba" ni kitenzi cha Kibemba chenye viungo vitatu: "ku-" ya kitenzijina, "-ba-" ya yambwa, yaani "wa-" ya Kiswahili, na mzizi "-eba", yaani "ambia". Irabu za "-ba-" na "-eba" zimeungana. Kwa Kiswahili sanifu, kiungo kwa kiungo, ni "ku-wa-ambia".

Msomaji wa Kiswahili cha ng'ambo anapokutana na maandishi hayo, huona neno jingine kabisa. "Kubeba" kwake ni kuchukua mzigo. Usemi unaohusu siri unasomeka kama katazo la kuchukua kitu. Na kwa kuwa wimbo wenyewe unazungumzia zawadi za kampeni, usomaji huo wa kimakosa unaleta maana kamili: zawadi zisichukuliwe. Ushauri wa wimbo ulikuwa kinyume cha hapo, kwamba zichukuliwe. Mfano huu unaonyesha kwamba udugu wa lugha mbili haumlindi msomaji. Mara nyingine ndio unaomnasa, kwa kuwa hana sababu ya kushuku neno ambalo tayari analijua.

Uhamaji wa maana ndani ya Kibemba chenyewe ulipita hatua tatu. Kwanza, usemi ulikuwa ushauri: "-ba-" iliwarejelea wakubwa wa chama tawala. Pili, ulipovuma, ukawa salamu na alama ya chama. Mtu aliyeutamka hakuwa tena anamshauri mwenzake anyamaze. Alikuwa anatangaza waziwazi upande wake, jambo lililo kinyume cha maana ya maneno yenyewe. Tatu, baada ya PF kushika serikali, wakosoaji waliugeuza kuwa kejeli dhidi ya chama hicho na ahadi zake. Wale waliofundisha kunyamaza mbele ya watawala sasa walikuwa ndio watawala, na "-ba-" ikawageukia wao.

Katika hatua zote tatu mzizi "-eba" haukubadilika maana. Uliendelea kuwa "ambia". Kilichobadilika ni jibu la swali: wasiambiwe akina nani, na anayesema ni nani?

4.0 Nafasi hiyohiyo katika semi nyingine

Kama jambo hili lingekuwa la usemi mmoja, lingeweza kuitwa bahati. Semi nyingine zilizovuma katika ukanda huu zinaonyesha mwenendo uleule.

4.1 Kiambishi cha mahali: "pabwato"

Alama ya chama cha PF ni mashua, na wafuasi wake walisalimiana kwa neno "pabwato". Kwa Kibemba "ubwato" ni mtumbwi, na "pa-" ni kiambishi cha mahali ambacho Kiswahili kimekihifadhi katika "hapa" na "pale". "Pabwato" ni "mtumbwini". Katika mji usio na maji makubwa, neno hilo lilipokewa kama sitiari. Katika Nchelenge na Kashikishi, ambako mtumbwi ni chombo cha kazi, "pabwato" ni neno ambalo mvuvi hulihitaji kila siku. Kiambishi "pa-" kinauliza: mtumbwi upi? Siasa ilijibu swali hilo kwa niaba ya kila mtu, na neno la kawaida likapata upande.

4.2 Kiambishi cha nafsi: kutoka "si-" hadi "hatu-"

Mwaka 2021 vijana wa Nairobi Exray, Trio Mio na Ssaru walitoa wimbo "Sipangwingwi". Neno hilo limetokana na kitenzi "panga" katika kauli ya kutendwa na hali kanushi, "sipangwi", kisha likarefushwa mwishoni kwa mchezo wa sauti wa Sheng. Maana yake ni kwamba msemaji hapangiwi la kufanya. Katika kampeni za uchaguzi wa Agosti 2022, William Ruto na wafuasi wake walilichukua na kulifanya "hatupangwingwi". Kiambishi kimoja kilibadilika: nafsi ya kwanza umoja ikawa wingi. Kijana aliyekataa kupangiwa na wazazi au walimu wake akageuka kuwa kambi ya kisiasa inayokataa kupangiwa rais. Mwezi Aprili 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ya Kenya iliyaweka maneno hayo katika orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya chuki. Neno la burudani lilifika katika orodha ya serikali ndani ya muda wa mwaka mmoja hivi, na mzizi wake ukiwa bado ni "panga".

4.3 Kiambishi cha yambwa: "anaupiga mwingi"

Nchini Tanzania, mashabiki wa soka husema kwamba mchezaji "anaupiga mwingi". Kiambishi "-u-" kinarejelea mpira, na "mwingi" unakubaliana nao. Kuanzia mwaka 2021 usemi huo ulihamishiwa kwenye sifa za Rais Samia Suluhu Hassan: "Mama anaupiga mwingi". Upatanisho wa kisarufi ulibaki, lakini mpira haukuwapo tena. Nafasi ya "-u-" iliachwa tupu, na ndiyo iliyofungua mlango wa kejeli: mkosoaji hahitaji kukanusha usemi, anahitaji tu kuuweka chini ya picha ya barabara mbovu na kumwacha msomaji aulize ni nini hasa kinachopigwa.

4.4 Jina kama nafasi: "Bally" na "Kasongo"

Jina la utani hufanya kazi kama kiambishi: huelekeza kwa mtu bila kumweleza. "Bally" katika misimu ya vijana wa Zambia ni baba au mzee wa nyumbani. Kuelekea uchaguzi wa tarehe 12 Agosti 2021, lilikuwa jina la Hakainde Hichilema, likiambatana na kauli ya Kiingereza iliyoahidi kwamba Bally atarekebisha mambo. Baada ya ushindi wake kauli hiyo iliendelea kuishi, lakini ukame wa msimu wa 2023/2024 ulipoleta mgao mkali wa umeme, picha ya nyumba yenye giza ilitosha kuigeuza ahadi kuwa lawama.

"Kasongo" ina safari ndefu zaidi. Ni jina la watu wa Katanga na maeneo jirani. Katika miaka ya 1970 bendi ya Super Mazembe, ya wanamuziki wa Kikongo waliohamia Nairobi, ilirekodi wimbo wenye jina hilo, unaomsihi Kasongo arudi nyumbani. Mwishoni mwa 2024 na mwanzoni mwa 2025 Wakenya waliuchukua wimbo huo katika video fupi wakimlenga Rais Ruto, naye akalitaja jina hilo hadharani miongoni mwa majina ya utani aliyopewa. Hakuna neno lolote la wimbo lililobadilishwa. Aliyebadilishwa ni Kasongo.

5.0 Wimbo huhifadhi, mimu hujaza

Mifano hii inaruhusu kugawa kazi kati ya muziki na mimu kwa uwazi. Wimbo una mapigo, urari na kibwagizo, na kwa hiyo hulinda umbo la usemi. Ndiyo maana watu wasiojua Kibemba waliweza kutamka "donchi kubeba" bila kosa, na Wakenya waliozaliwa baada ya mwaka 2000 wakaimba kibwagizo cha miaka ya 1970. Wakati huohuo wimbo huacha mazingira ya awali nyuma. Msikilizaji hapewi jina la "wao" wasioambiwa.

Mimu hufanya kazi ya pili. Katika TikTok, mtumiaji huchukua sauti iliyotumiwa na mwingine na kuiwekea picha yake mwenyewe. Sauti hubaki, picha hubadilika. Picha ndiyo inayojaza nafasi: ndiyo inayosema "-ba-" ni akina nani leo, "-u-" ni nini leo, Kasongo ni nani leo. Katika WhatsApp, kipande hichohicho hutumwa katika kundi la familia, la kanisa au la wafanyabiashara, na kila kundi lina jibu lake. Maana, basi, hukaa katika uhusiano wa msemaji, anayeambiwa na anayesemwa.

Ufafanuzi huu unaeleza pia kwa nini mgeuko kuelekea kejeli hutokea mara nyingi pale wapinzani wanapokuwa watawala. Usemi uliotungwa kumlenga mwenye mamlaka hauondoki mdomoni mwa watu siku mwenye mamlaka anapobadilika. Nafasi ya "wao" inabaki, na anayeketi kwenye kiti ndiye anayeijaza.

6.0 Athari kwa sera

Athari ya kwanza inahusu udhibiti wa lugha. Orodha ya maneno, iwe ya tume au ya programu ya kompyuta inayochuja maudhui, hutafuta mizizi na maumbo. Neno "hatupangwingwi" katika orodha halitofautishi mtoto anayeimba, mwanasiasa anayechochea na mwandishi anayeripoti. Kwa upande mwingine, matusi yaliyofichwa katika jina la kawaida kama Kasongo hupita bila kuonekana, au, likizuiwa, huwazuia pamoja nalo watu halisi wenye jina hilo, ambao katika ukanda wa Mweru ni wengi. Kinachopaswa kutathminiwa ni tendo la usemi: nani amemwambia nani, wapi, lini na kwa lengo gani.

Athari ya pili inahusu ujumbe wa umma. Maofisa wa mawasiliano hupenda kuazima usemi unaovuma ili kuwavutia vijana. Ichukuliwe mfano wa kampeni ya usalama ziwani inayowahimiza wavuvi kuvaa maboya mtumbwini. Neno sahihi la Kibemba ni "pabwato". Ofisa asiyejua historia yake ataliandika kwa herufi kubwa kwenye bango, na sehemu ya wasomaji italiona bango hilo kuwa la chama. Vivyo hivyo, mwaka 2023 wilaya za Nchelenge na Chiengi zilipata kipindupindu, ugonjwa ambao udhibiti wake hutegemea watu kutoa taarifa mapema. Usemi wa "msiwaambie", hata ukitumiwa kwa utani, haufai kukaribia bango la namna hiyo. Na kwa msomaji wa Kiswahili bango hilo lingezungumzia mizigo. Tangazo la kufungwa kwa uvuvi, ambalo nchini Zambia huanza tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, nalo husomwa na wavuvi wanaoishi katika lugha mbili.

Mapendekezo manne yanatokana na uchambuzi huu:

(a) Kumbukumbu na kamusi za misimu zitaje, kwa kila usemi, mwaka, mahali, msemaji na mlengwa. Maana bila tarehe ni nusu ya maana.

(b) Taasisi zinazoandaa ujumbe wa Kibemba na wa Kiswahili kwa ajili ya mwambao huu zipime kila ujumbe kwa wasomaji wa pande zote mbili za ziwa, wakiwamo wakazi wa Mantapala, kabla ya kuuchapisha. Swali la kuwauliza lisiwe "mmeelewa?" bali "nani anasema hivi?"

(c) Taasisi za umma ziepuke kuazima misimu ya kisiasa iliyo hai. Ikiwa usemi bado unaweza kumkera mfuasi wa chama fulani, haujawa mali ya umma.

(d) Kazi ya kukuza Kiswahili ndani ya SADC iandamane na orodha ya maneno yanayofanana umbo na kutofautiana maana kati ya Kiswahili na lugha jirani. "Kubeba" liwe mojawapo ya maneno ya mwanzo katika orodha hiyo.

7.0 Hitimisho

Imezoeleka kuyaona mabadiliko ya misimu kama uharibifu wa lugha au kama upepo usiofuatilika. Semi zilizochambuliwa hapa zinafuatilika. Kila moja ina nafasi ndogo ya urejelezi ambayo wimbo uliiacha wazi na mimu ikaijaza, na kila moja ilihama maana bila mzizi wake kuguswa. Sarufi ya Kibantu, ambayo huweka mtenda, mtendwa na mahali ndani ya neno moja, huifanya nafasi hiyo ionekane kwa macho: ni silabi moja au mbili, "-ba-", "-u-", "pa-", "hatu-". Mtafiti anayetaka kujua usemi umefika wapi aanze kwa kuitafuta silabi hiyo na kuuliza ni nani aliyemo ndani yake wakati huo. Mshauri wa sera anayeidhinisha bango litakalosomwa Nchelenge asubuhi na Kilwa ya Kongo jioni anahitaji swali hilohilo, na analihitaji kabla bango halijapelekwa kiwandani kuchapishwa.